Mgeni Hachukui Mbuzi

Ndugu msomaji, msimamo wa ligi ni kitu rahisi kusoma. Aliye juu ni bora, aliye chini atafute pa kujificha. Hata mzee ambaye gazeti linampa taabu atakuwekea kidole palepale timu yake ilipo. Lakini mwaka 2025 kulikuwa na msimamo wa ligi ya Mauritania ambao ulitugombanisha hapa kijiweni Katesh karibu wiki nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika Mauritania wala mwenye shemeji huko.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Timu iliyomaliza juu haikuwa ya Mauritania. Ilikuwa Al Hilal ya Omdurman, Sudan, klabu iliyozaliwa mwaka 1930 kando ya mto Nile. Mtu akitaka kutoka Omdurman kwenda Nouakchott kwa barabara itambidi avuke Chad, Niger na Mali ndipo aione Atlantiki. Al Hilal walifika huko, wakacheza ligi ya watu msimu mzima, wakawapita wenye nyumba kwa pointi, na bado nafasi za Mauritania kwenye mashindano ya Afrika zikaenda kwa klabu za Mauritania.

“Sasa bingwa ni nani?” aliuliza fundi viatu wetu, huku sindano ikiwa mdomoni.

“Bingwa ni aliye juu,” akajibu dereva wa bodaboda.

“Na kama aliye juu haendi popote?”

Hapo ndipo kijiwe kilipogawanyika. Mimi nilinyamaza, maana swali lile lilinigusa mahali ambapo mpira haufiki. Nimekaa nalo muda mrefu. Leo nataka nilitoe mbele yenu, hasa ninyi vijana mnaoandika, kwa sababu naona linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kwanza tukumbushane Al Hilal waliondokaje kwao. Vita vya Sudan vilianza Aprili 2023, Khartoum na Omdurman zikawa uwanja wa mapigano, na ligi ikasimama. Wachezaji wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Lakini Shirikisho la Soka la Afrika, yaani CAF, lilikuwa bado na jina la Al Hilal kwenye orodha ya Ligi ya Mabingwa. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka 2023 klabu ile ilipiga kambi Dar es Salaam na kufanya mechi zake za nyumbani za makundi pale. Fikiria neno hilo, “mechi za nyumbani”. Mechi ya nyumbani Dar es Salaam, kwa mtu wa Omdurman!

Mwaka 2024 kukawa na maneno mengi kwamba Al Hilal wangeingia Ligi Kuu yetu kama wageni. Wengine tulifurahi. Tulisema afadhali Simba na Yanga wapate mtu wa kuwatoa jasho kila wiki. Mwisho wakaenda Mauritania, wao na mahasimu wao wa mji, Al Merrikh. Na kwa kuwa dunia ya mpira ni ndogo, Novemba 2024 Al Hilal hao hao walirudi Dar es Salaam na kuifunga Yanga 2-0 kwenye Ligi ya Mabingwa. Januari 2025 Yanga wakawafuata Nouakchott na kulipa kisasi cha 1-0, lakini kisasi hakikutosha. Al Hilal wakaongoza kundi, Yanga wakarudi nyumbani. Msimu wa 2025/26 Al Hilal na Al Merrikh wakahamishia mabegi Rwanda, wakaingia kwenye ligi ya Kigali na miji mingine kwa ruhusa ya wenyeji.

Sasa msomaji makini atauliza: kama Mauritania hawakupewa tiketi, hiyo Ligi ya Mabingwa waliendelea kuichezaje? Jibu lake ndilo kiini cha makala hii. Mwezi Julai 2025, vita vikiwa bado vinaendelea, Wasudani walifanya ligi fupi nchini mwao, upande wa kaskazini kwenye miji ya Atbara na Ed-Damer, mbali na Khartoum iliyokuwa imebomolewa. Klabu zilizokuwa ugenini zikarudi kucheza. Haikuwa na fahari ya uwanja mkubwa wala taa za kutia macho kiwi. Lakini ilikuwa ligi ya Sudan, na tiketi ya Sudan ikapatikana humo. Msimu mzima wa Mauritania uliwapa Al Hilal miguu na pumzi. Kile kikombe kifupi cha nyumbani kikawapa njia ya kwenda Afrika.

Hapa inabidi tutenganishe vitu viwili ambavyo sisi wapenzi wa kabumbu huvichanganya. Ligi ni mahali pa kucheza. Tiketi ni haki ya kwenda mbele kwa jina fulani. Mara nyingi vitu hivi vinakaa chumba kimoja, ndiyo maana hatuoni ukuta uliopo kati yake. Ukitaka kuuona, tazama timu iliyo ugenini.

Wazungu wana mifano mingi, na kila mmoja una ufumbuzi wake. Iko nchi inaitwa Liechtenstein, katikati ya Uswisi na Austria, yenye watu kama elfu arobaini tu. Haina ligi yake. Klabu zake zinacheza kwenye ngazi mbalimbali za Uswisi, na kubwa kuliko zote ni Vaduz. Vaduz akishika nafasi ya juu namna gani Uswisi, Uswisi haimpi tiketi ya Ulaya. Lakini Liechtenstein ina kombe lake dogo, la vijiji vyake na timu zake chache, na mshindi wa kombe hilo ndiye anayekwenda Ulaya. Mwaka 2022 Vaduz alikuwa daraja la pili la Uswisi. Daraja la pili, bwana! Akapita kwa tiketi ya kombe la nyumbani, akaitoa Rapid ya Vienna, akaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Konferensi ya Ulaya. Klabu nyingi za Uswisi zilizokuwa juu yake kwenye msimamo zilibaki zikimtazama kwenye televisheni.

Wales ni hadithi nyingine. Cardiff, Swansea na Wrexham ni klabu za Wales, lakini tangu zamani zinacheza ligi ya Uingereza. Kwa miaka mingi zilikuwa na mlango wa nyuma: Kombe la Wales. Ukilichukua unakwenda Kombe la Washindi la Ulaya. Cardiff alifika nusu fainali ya kombe hilo mwaka 1968 kwa njia hiyo. Kisha mwaka 1992 Wales ikaanzisha ligi yake, na kufikia 1995 mlango ukafungwa kwa waliobaki upande wa Uingereza. Wakaambiwa wachague. Walichagua kubaki, na tangu hapo wakitaka Ulaya ni kwa tiketi ya Uingereza. Swansea aliipata: alichukua Kombe la Ligi la Uingereza mwaka 2013, na Septemba mwaka huo huo akaenda Hispania akaifunga Valencia 3-0 nyumbani kwake.

Halafu kuna Derry City. Mji wa Derry uko Ireland ya Kaskazini, chini ya Uingereza. Machafuko yalipopamba moto klabu ile ilizuiwa kutumia uwanja wake kwa sababu za usalama, ikawa inahangaika kwenye mji wa jirani, na mwaka 1972 ikajitoa kwenye ligi ya kwao. Ilikaa miaka 13 bila ligi ya maana. Mwaka 1985 ikavuka mpaka kimpira, ikaingia ligi ya Jamhuri ya Ireland. Msimu wa 1988/89 ikachukua ubingwa na vikombe vyote viwili vya nchi ile, na mwaka 1989 ikacheza na Benfica ya Ureno kwenye Kombe la Ulaya. Derry hakuwa mgeni tena. Alikuwa amepewa nyumba pamoja na ufunguo.

Kwa hiyo kuna anayecheza kwa jirani lakini anakula kikombe cha kwao. Kuna anayecheza kwa jirani na kuchukuliwa kama mtoto wa nyumba. Na kuna Al Hilal pale Nouakchott: anacheza, anashinda, anapigiwa makofi, kisha anaulizwa basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

Naona wengine mnasema, Uswisi na Ireland ni mbali, sisi Hanang yanatuhusu nini? Haya, tuje nyumbani.

Desemba 3, 2023 mlima Hanang ulituletea matope. Wengi mnakumbuka. Mvua kubwa ilipiga, sehemu ya mlima ikamomonyoka, na maji, mawe na magogo yakashuka mpaka Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima. Watu zaidi ya themanini walikufa. Nyumba zilikwenda, maduka yakafukiwa, na waliopona wakalala kambini na kwa ndugu. Sisi kwetu Mbulu, upande wa Dongobesh, tulimpokea mama mdogo na watoto wake. Kijana wake mkubwa alikuwa na miaka 17. Alikuja na suruali aliyovaa na viatu vya mpira ambavyo havikuwa vyake.

Yule kijana hakuwa msemaji. Lakini jioni ya tatu aliona wenzake wanacheza kwenye kiwanja cha shule, akasimama pembeni, mpira ukamfuata mguuni, akaurudisha. Basi, ikawa hivyo. Kufikia Machi alikuwa mshambuliaji wa timu ya kijiji, na akina mama waliokuwa hawajui jina lake wakawa wanamwita “yule wa Katesh”. Alikuwa akifunga bao anakimbia kwenye kona, anasimama, anatazama upande wa mlima. Sikumuuliza kwa nini.

Agosti 2024, baada ya mavuno, timu yetu ilialikwa kwenye mashindano ya kijiji kimoja ng'ambo ya mpaka wa wilaya, upande wa Bassotu. Mnayajua mashindano haya: mwenye duka au mkulima mwenye uwezo anatoa mbuzi, timu zinachanga fedha kidogo za kiingilio, mwamuzi anapewa soda. Tulialikwa kwa sababu timu moja ilijitoa na ratiba ilikuwa na tundu. Tulikwenda juu ya lori la mahindi, tukaimba njia nzima mpaka vumbi likatunyamazisha.

Tulishinda mechi ya kwanza. Tukashinda ya pili. Fainali tukashinda 2-1, na bao la pili lilikuwa la yule kijana wetu, kwa kichwa, watu wa pale pale wakashangilia kwa kusahau kwamba wamefungwa. Kisha tukasogea kwenye meza ya zawadi. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti, mweupe mwenye doa shingoni, anatafuna bila wasiwasi.

Mzee mmoja wa kamati akasimama. Alisema kwa upole kabisa, bila dharau, kwamba wageni tumecheza vizuri, wao wamejifunza, na tunashukuriwa sana. Lakini mbuzi ametolewa kwa ajili ya timu za kata ile, na wageni tuliingizwa kukamilisha ratiba. Mgeni hachukui mbuzi. Mbuzi akaenda kwa mshindi wa pili. Sisi tukapewa mpira mmoja mpya na sahani za wali.

Jamaa zetu walichemka. Mmoja alitaka kumfungua mbuzi kwa nguvu, tukamshika. Nahodha akasema twendeni zetu, chakula tusile. Mimi nilikuwa nimeshika daftari la timu, nikamtazama kijana wa mama mdogo. Alikuwa anafungua kamba za viatu polepole.

“Kaka,” aliniambia, “mbuzi wamchukue. Ila pale ukutani kwa mwenye duka wanaandika washindi wa kila mwaka. Waulize kama wataandika jina letu.”

Nikaenda kumuuliza mzee. Akafikiri. Akasema hilo wataliangalia. Tukala wali, tukapanda lori.

Nimesimulia habari hii, ndugu msomaji, si kwa kuwalaumu wale wazee. Walikuwa na haki yao. Mbuzi alikuwa wa kwao, aliliwa na watoto wao. Ukiweka mashindano ili kuinua vijana wa kata yako, halafu kila mwaka anakuja mgeni na lori anamchukua mbuzi, baada ya miaka mitatu vijana wako watahamia kwenye bao na karata. Viongozi wa mpira wa Mauritania walikuwa na hesabu hiyo hiyo. Lakini habari ile ilinifundisha kwamba anayenyimwa zawadi anaweza kulala usingizi. Jina likikosa ukuta wa kuandikwa, hapo ndipo panapouma.

Na hapa ndipo nataka tuzungumzie Zanzibar, kwa sababu hakuna mahali katika Afrika ya Mashariki ambapo jambo hili limekaa karibu na mfupa kama kule.

Kuanzia mwaka 1982 kulikuwa na Ligi ya Muungano. Timu za juu za Bara na za Visiwani zilikutana, na mshindi alikwenda Afrika kwa jina la Tanzania. Visiwani hawakuwa wasindikizaji. KMKM walichukua mwaka 1984. Malindi walichukua mwaka 1989 na tena 1992. Ligi ile ikafa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Zanzibar ikapata nafasi zake yenyewe kwenye mashindano ya klabu ya CAF. Kwa hiyo leo bingwa wa Zanzibar hahitaji kuipita Simba wala Yanga ili aione Afrika. Anahitaji kushinda ligi ya kwao.

Timu ya taifa ndiyo yenye shida. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Kwenye CECAFA inacheza kwa jina lake na imewahi kulichukua kombe, mwaka 1995 kule Uganda. Machi 2017 CAF ilikutana Addis Ababa ikaikubali Zanzibar kuwa mwanachama kamili, wa 55. Unguja na Pemba watu walisherehekea. Miezi minne tu baadaye, Julai 2017, CAF hiyo hiyo ikafuta uanachama, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Desemba mwaka huo Zanzibar wakaenda Kenya kwenye CECAFA, wakafika fainali Machakos, wakatoka sare 2-2 na wenyeji na kufungwa kwa penalti. Kila ninapoifikiria fainali ile nawaona watu walioandikwa ukutani mwezi Machi, wakafutwa Julai, na Desemba wakaja kucheza kana kwamba chokaa bado ipo.

Kijiweni kwetu wapo wanaosema kwa nia njema: “Zanzibar waache ligi yao ndogo, timu zao mbili tatu ziingie Ligi Kuu ya Bara, zipate fedha, zipate televisheni.” Hoja hii ina nguvu, tusiidharau. Ligi ya Bara ina wadhamini, na mchezaji mwenye kipaji kama Feisal Salum ilibidi avuke bahari ndipo jina lake lisikike nchi nzima. Washabiki wa Unguja wenyewe wamegawanyika Simba na Yanga kama sisi. Mei 25, 2025, Simba walipocheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane ya Morocco, mechi ilifanyika Amaan, na Amaan ikajaa. Simba wakatoka sare 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya 3-1.

Lakini sasa mnajua nitasema nini. Siku klabu za Zanzibar zitakapoingia ligi ya Bara, swali la kwanza kuuliza ni la tiketi. Wataingia kama Derry, wenye ufunguo? Au kama Vaduz, wanacheza kwa jirani huku kombe la nyumbani likiwa hai? Au kama sisi juu ya lori la mahindi? Kama halijajibiwa kwa maandishi, basi ile ligi ndogo ya Visiwani, yenye viwanja vyake na mashabiki wake wachache, ndiyo mali kubwa waliyonayo. Imewapa mlango ambao Swansea na Cardiff waliupoteza.

Sisi Manyara nasi tuna letu. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2002. Kabla ya hapo Mbulu na Hanang zilikuwa Arusha, na timu ya Katesh iliyotaka kupanda ililazimika kupita mlango wa Arusha. Tulikuwa wadogo kwenye nyumba kubwa. Msimu wa 2024/25 tukapata bahati: Fountain Gate, klabu iliyokuwa ikijulikana kwa jina la Singida, ilileta mechi zake za nyumbani Babati, kwenye uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Februari 2025 Simba walikuja pale wakabanwa, sare ya 1-1. Vijana walitoka Haydom, Dongobesh na Katesh tangu alfajiri. Nilikuwapo. Sitaki kudanganya, ilikuwa raha.

Hata hivyo, nilipokuwa natoka uwanjani nilijiuliza: hii ni timu yetu au ni mgeni wetu? Klabu zetu siku hizi zinahama. Ihefu ya Mbarali ilihamia Singida, na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Ilihama na tiketi yake mfukoni kwa sababu haikutoka nje ya nchi. Septemba 2025 ikachukua Kombe la Kagame kwa kuifunga 2-1, nani? Al Hilal ya Omdurman! Fainali ya timu mbili zilizohama: moja imehamishwa na wenye mali, nyingine na mabomu. Watu wa Singida walisherehekea kwa haki yao. Nilijiuliza watu wa Mbarali walikuwa wanasikiliza redio gani siku ile.

Mgeni mwenye mali akija Babati, karibu sana. Atatufundisha mpira wa kiwango. Ila asije akatusahaulisha ligi zetu za wilaya. Ligi ya wilaya ya Mbulu na ya Hanang, hata zikiwa na timu chache na nyavu zilizotoboka, ndizo ngazi ya kijana wa kwetu kwenda ligi ya mkoa na baadaye Ligi ya Mabingwa wa Mikoa kwa jina la kwao. Mgeni akiondoka, na wageni huondoka, tutabaki na hizo.

Na sasa ninyi mnaoandika. Msidhani nimewasahau.

Wengi wetu hapa kurasani tunacheza ugenini. Mimi nimezaliwa nyumba ya Kiiraqw. Bibi yangu alinisimulia fisi na sungura kwa lugha ambayo siandiki humu. Rafiki yangu wa Hanang nyumbani kwao ni Kidatoga. Kiswahili tulikutana nacho shuleni na sokoni, tukakipenda, kikatupenda. Sisemi Kiswahili kimetunyima kitu. Katika ligi hii mimi najiona Derry City, nimepewa ufunguo. Lakini ziko ligi nyingine za mbele, za mashirika makubwa ya vitabu, za tuzo za nje, za lugha za watu, ambako kijana wa Mbulu anaalikwa kukamilisha ratiba. Anasifiwa, anapewa mpira mmoja na sahani ya wali. Nendeni. Al Hilal asingecheza Mauritania, miguu ingeota kutu. Jifunzeni, fungeni mabao huko, wenyeji wenyewe wasahau wakashangilia.

Ila msiache kikombe cha kwenu kife. Jarida dogo kama hili, linalochapwa kwa michango na kupelekwa mikoani ndani ya mabegi ya wasafiri, ni Kombe la Liechtenstein. Timu zake ni chache na uwanja wake hauna jukwaa. Wakubwa wanaweza kulicheka. Lakini jina likiandikwa humu, limeandikwa na watu wanaojua linavyotamkwa. Bibi yangu hadithi zake hazipo hata ukurasa mmoja mahali popote. Nimeanza kuziandika, Kiiraqw upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kwenye daftari lililobaki la timu.

Yule kijana wa mama mdogo amerudi Katesh. Wamejenga tena, si palepale, na anachezea timu ya mtaa wao kwenye ligi ya wilaya. Msimu uliopita walimaliza nafasi ya nne kati ya timu saba. Nafasi ya nne haimpeleki mtu popote, lakini msimamo aliniletea kwa mkono wake mwenyewe, umeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya mistari, akaninyooshea kidole mahali jina lao lilipo.